Nyuzi Zilizovutika: Kumbukumbu ya Jeraha Dogo la Ubongo

Jeraha dogo la ubongo ni badiliko la ghafla katika kazi za ubongo, linaloletwa na kichwa kugongwa, kuanguka au kutikiswa kwa nguvu. Kipimo kinachotumiwa kulitambua kilitungwa Glasgow mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Mgonjwa hupewa alama kwa namna anavyofumbua macho, anavyojibu maswali na anavyosogeza viungo. Alama ya chini kabisa ni 3 na ya juu kabisa ni 15. Mwenye alama 13 hadi 15, ambaye hakupoteza fahamu kwa zaidi ya nusu saa na ambaye kumbukumbu zake hazikukatika kwa zaidi ya siku moja, huhesabiwa kuwa na jeraha dogo. Neno hilo "dogo" linapima saa za mwanzo tu. Halipimi nyuzi za ndani ya ubongo zimepatwa na nini, wala halitabiri mwezi unaofuata utakuwaje.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 69 duniani huumia ubongo kila mwaka, na takriban 81 kati ya kila 100 wana jeraha la daraja hili. Hospitali ya KCMC mjini Moshi huweka rejista ya majeruhi wa ubongo, na rejista hiyo inaonyesha jambo ambalo muuguzi yeyote wa wodi ya majeruhi nchini angelisema bila kuangalia daftari: wengi wao ni wanaume, na chanzo kikubwa ni barabara. Makambako ina barabara kuliko miji mingi ya ukubwa wake. Njia kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma inapita katikati ya mji, ile ya Njombe na Songea inaanzia hapo hapo, na malori ya Zambia na Kongo hulala kando ya lami usiku kucha huku bodaboda zikipenya katikati yao.

Mwandishi wa kumbukumbu hii alifundisha hesabu katika sekondari moja ya Makambako, na alipata jeraha la aina hiyo mwaka 2011, wakati Njombe bado ikiwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Kwa miaka mingi hakuona sababu ya kuliandika. Mwaka 2024 mtoto wa mdogo wake wa kike, dereva wa bodaboda, aliangushwa na lori lililokuwa likirudi nyuma kwenye maegesho. Siku ya tatu alirudi nyumbani na bahasha yenye picha safi, jamaa wakashukuru Mungu kwamba hana kitu. Wiki ya pili alikuwa akikosea chenji, akiumwa kichwa kila taa za magari zilipomwangazia, na mwenye pikipiki alikuwa amekwisha kumwita mvivu kwa sababu hesabu ya siku haitimii. Alimwendea mwandishi jioni moja akakaa kimya kwa muda, kisha akasema: "Mama mkubwa, kila mtu anasema nimepona. Mbona mimi sijioni kupona?" Swali hilo ndilo lililofungua daftari la zamani.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4, na ni laini kiasi kwamba ukiwekwa mezani ukiwa mbichi hauwezi kushika umbo lake vizuri. Unaelea ndani ya maji ya ubongo, yapatayo mililita 150 kwa jumla pamoja na yale ya uti wa mgongo. Maji hayo hupunguza kishindo cha kila siku, cha kuruka mtaro au kuteremka ngazi. Hayawezi kuzuia mzunguko. Kichwa kinapogeuzwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo hubaki nyuma kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hufuata. Tabaka la juu na tabaka la ndani hayaendi kwa kasi moja, na kilicho katikati yake huvutwa na kusokotwa. Mwanafizikia A. H. S. Holbourn wa Oxford alilionyesha hilo mwaka 1943 kwa kutengeneza mfano wa ubongo kwa jeli na kuuzungusha. Hoja yake ilikuwa kwamba mzunguko wa kichwa huumiza ubongo kuliko pigo la moja kwa moja, na tafiti za miaka iliyofuata zimeizidishia uzito. Ndiyo sababu mtu anaweza kuumia ubongo bila kidonda chochote kichwani.

Wakulima wa parachichi wa Njombe wanaijua hali ya namna hiyo kwa mikono yao. Tunda lililoangushwa wakati wa kuchuma hubaki na ganda zuri, mnunuzi hulipokea, na likikatwa baada ya kuiva hukutwa na nyuzi nyeusi zilizopita katikati ya nyama yake.

Ajali ya mwaka 2011 ilitokea mwezi wa Juni, msimu ambao Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huamka ndani ya ukungu. Mwandishi alikuwa amekwenda huko kusahihisha mitihani ya moko ya kidato cha nne. Pikipiki iliyompeleka kituoni iliteleza kwenye mteremko unaoelekea Mto Ruhuji, kwa mwendo ambao hata dereva mwenyewe aliuita wa pole. Dereva alikuwa na kofia ngumu. Abiria alikuwa na kofia ya sufu, kwa ajili ya baridi. Haya yote mwandishi aliyasikia kwa wengine, kwani kumbukumbu yake mwenyewe inaishia kwenye harufu ya moshi wa miwati stendi na kuanza tena juu ya benchi la zahanati, kiatu kimoja kikiwa hakipo. Mwalimu mwenzake alihesabu mara kumi na moja alizouliza kama karatasi za mtihani zimehesabiwa. Kila mara alijibiwa, akaridhika, na baada ya dakika mbili akauliza tena.

Kuuliza huko ni dalili yenye maana. Sehemu za ubongo zinazohifadhi jambo jipya, hasa hipokampasi iliyo ndani ya upande wa chini wa ubongo pamoja na nyuzi zinazoihudumia, ziko kwenye eneo linalosukumwa vibaya kichwa kinapozunguka. Mtu husikia, huelewa na hujibu, lakini hakuna kinachoandikwa. Tabibu aliyempima alimpa alama 14. Moja ilipotea kwa sababu alitaja mwezi usio sahihi. Mwandishi anakumbuka uso wa tabibu huyo na utulivu wake, na hadi leo anamheshimu kwa kuandika saa ya kuanguka, saa ya kupimwa na alama yenyewe kwenye kipande cha karatasi. Kipande hicho kiliokoa miezi ya ubishi baadaye.

Yanayotokea ndani ya ubongo katika saa hizo yalielezwa kwa mpangilio na Christopher Giza na David Hovda wa Los Angeles mwaka 2001. Mvuto huyafungua mapito kwenye kuta za seli za neva. Potasiamu hutoka nje, sodiamu na kalsiamu huingia ndani, na kemikali ya kuamsha seli iitwayo glutameti humwagika bila utaratibu na kuzichochea seli jirani nazo zifanye hivyo hivyo. Kila seli hulazimika kupiga pampu zake kwa nguvu zote ili kurudisha madini mahali pake, na kazi hiyo hula glukosi nyingi. Wakati huo huo mtiririko wa damu kwenye ubongo hupungua. Kalsiamu iliyoingia hujazana kwenye mitokondria, ambayo ndiyo mashine ya kuzalisha nishati, na kuidhoofisha. Mahitaji yanapanda na akiba inashuka. Baada ya pilikapilika hizo za mwanzo ubongo huingia katika kipindi cha nishati ndogo kinachoweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki.

Usiku ule, nyumbani kwa wenyeji wake Njombe, mwandishi hakuruhusiwa kulala. Mama mwenye nyumba, kwa huruma tupu, alimtikisa bega kila alipofumba macho: "Mwalimu, usilale, aliyegonga kichwa akilala haamki." Imani hiyo imeenea sana, na ina mzizi wake. Mgonjwa ambaye damu inavuja ndani ya fuvu huzama kwenye usingizi mzito, na walio karibu hudhani usingizi ndio uliomuua. Lakini mtu aliyekwisha kupimwa, anayezungumza vizuri na asiye na dalili ya hatari, anauhitaji usingizi kuliko dawa nyingine yoyote iliyomo nyumbani, kwa kuwa seli zake ziko kwenye upungufu wa nishati. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwangalia: kama kichwa kinazidi kuuma, kama anatapika tena na tena, kama mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine, kama mkono au mguu unalegea, kama anapata degedege, kama ukimwita haamki. Dalili mojawapo kati ya hizo inatosha kumrudisha hospitali usiku huo huo.

Badiliko la umbile lililo muhimu kuliko yote liko kwenye nyuzi. Seli ya neva ina kiwiliwili, na kutoka hapo hutoka uzi mrefu uitwao aksoni, mwembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, unaopeleka habari sehemu nyingine ya ubongo au mwili. Nyuzi nyingi zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini. Zikikusanyika kwa mamilioni huifanya sehemu ya ndani ya ubongo ionekane nyeupe, wakati viwiliwili vya seli hufanya tabaka la kijivu. Aksoni haina karakana yake. Protini, mitokondria na vifuko vya kemikali hutengenezwa kwenye kiwiliwili, kisha husafirishwa hadi mwisho wa uzi juu ya reli ndogo sana ziitwazo mikrotubuli.

Nyumba ya mwandishi Makambako ilikuwa mahali ambapo treni ya TAZARA husikika, na hakuna mfano uliomsaidia kuelewa ugonjwa wake kama reli ile. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande kifupi kikiharibika milimani kuelekea Mlimba, Makambako haioni uharibifu wenyewe. Inachoona ni mabehewa yanayojipanga stesheni bila kuondoka, na mbele zaidi wanaosubiri mzigo usiofika. Aksoni huumia kwa namna hiyo hiyo. Ikivutwa polepole hurefuka na kurudi. Ikivutwa ghafla, mikrotubuli hukakamaa na kukatika hapa na pale, ingawa uzi wenyewe kwa nje bado ni mzima; badala ya kurudi kunyooka, hubaki na mikunjo kama nywele iliyosukwa ikafumuliwa. Mzigo unaotoka kwenye kiwiliwili hufika palipokatika, husimama na kurundikana. Uzi huvimba mahali hapo. Kalsiamu iliyoingia huamsha vimeng'enya vinavyotafuna mifupa ya ndani ya uzi, na baada ya saa kadhaa, au baada ya siku nzima, uzi unaweza kukatika kabisa pale pale ulipovimba. Kipande cha mbele, kilichotenganishwa na kiwiliwili, huoza taratibu, jambo ambalo Augustus Waller aliligundua mwaka 1850 alipokata neva za ulimi wa chura.

Kuchelewa huko ndiko kunakowachanganya ndugu wa mgonjwa. Siku ya kwanza anaongea vizuri, siku ya tatu ni mzito, na watu huanza kutafuta sababu nyingine: amekunywa, amelogwa, anadeka. Kumbe kuna nyuzi zilizovutwa Jumatatu na kukatika Jumanne. Si zote. Katika jeraha dogo nyuzi nyingi zilizovimba hujikarabati, na zilizokatika hutawanyika, chache hapa na chache pale, kwenye daraja nene linalounganisha nusu mbili za ubongo, kwenye sehemu nyeupe ya mbele, na kwenye mpaka ambapo tabaka la kijivu hukutana na tabaka jeupe, kwani matabaka hayo mawili hayalingani uzito wala ulaini.

Ushahidi wa hayo haukupatikana kwa urahisi, maana ni nadra watu kufa kwa jeraha dogo. Mwaka 1956 Sabina Strich wa Uingereza alieleza kuharibika kwa nyuzi nyeupe kwa wagonjwa walioumia vibaya mno. Mwaka 1968 D. R. Oppenheimer alikuta alama kama hizo, kwa kiasi kidogo, hata kwa watu waliokuwa wametikiswa tu kichwa na kufa kwa sababu nyingine. Mwaka 1994 Peter Blumbergs na wenzake nchini Australia walichunguza ubongo wa watu watano wa aina hiyo kwa rangi inayonasa protini iliyorundikana. Wote watano walikuwa na nyuzi zilizoumia, na kwa wote zilikuwamo kwenye forniksi, tao la nyuzi linalohudumia kumbukumbu. Mwandishi alipolisoma jambo hilo miaka mingi baadaye, kwenye kompyuta ya mwanawe, alilia. Kwa mara ya kwanza palikuwa na jina la mahali palipouliza mara kumi na moja kuhusu karatasi.

Mishipa midogo ya damu nayo huvutika. Mingine hupasuka na kuacha matone madogo, ambayo chuma chake hubaki kwenye tishu kwa miaka. Na ukuta unaochuja kinachoingia ubongoni hulegea kwa muda.

Wiki ya tatu baada ya ajali mwandishi alisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 600 hadi Dar es Salaam kufanyiwa siti skani. Majibu yalikuwa sentensi moja: hakuna kasoro iliyoonekana. Alikuwa na maumivu ya kichwa, hawezi kusoma aya mbili mfululizo, na sentensi ile ilimfanya ajione mwongo. Kazini ilimletea shida zaidi. Ofisi moja iliyohusika na ruhusa yake ilichukua karatasi hiyo kuwa ushahidi kwamba hakuumia, na akarudi darasani kabla ya wakati.

Kipimo chenyewe hakikuwa na kosa. Siti skani hutumia eksirei, na kazi yake ni kuonyesha mfupa uliovunjika, damu iliyovuja na uvimbe unaosukuma ubongo, mambo yanayohitaji upasuaji wa haraka. Kwa kazi hiyo ni kipimo cha thamani kubwa. Aksoni yenye unene wa sehemu ya elfu ya milimita haiwezi kuonekana humo, hata zikivimba elfu moja. MRI huona zaidi. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, zaidi ya robo ya wagonjwa wa jeraha dogo ambao siti skani yao ilikuwa safi walikutwa na alama kwenye MRI, nyingi zikiwa matone ya damu na michubuko midogo. Kuna pia aina ya MRI inayofuata mwendo wa maji ndani ya tishu. Katika nyuzi zenye afya maji hutiririka zaidi kwa urefu wa uzi, kama maji ndani ya mianzi iliyolazwa pamoja. Nyuzi zikiharibika, maji hayo hutawanyika pande zote. Kipimo hicho, kilichoanza mwaka 1994, kimeonyesha tofauti kati ya makundi ya majeruhi na makundi ya watu wazima wa afya. Kwa mgonjwa mmoja mmoja bado hakitoshi, kwa sababu katika siku za mwanzo namba zake hupanda kwa baadhi ya watu na kushuka kwa wengine. Majibu ya picha na maneno ya mgonjwa yanapaswa kuwekwa mezani pamoja, na mwandishi anaamini kwamba picha safi isitumiwe kamwe kumnyamazisha aliyeumia.

Aliporudi darasani, kasoro zilijitokeza kwa mpangilio ambao leo unaeleweka. Hesabu zenyewe hakuzisahau. Alichopoteza ni kasi na uwezo wa kushika mambo mawili kwa wakati mmoja: kuandika ubaoni huku akisikiliza swali la mwanafunzi, kuita mahudhurio huku kengele ikilia. Ubongo unaofanya kazi za namna hiyo hutegemea mawasiliano ya haraka kati ya sehemu za mbele na za nyuma, za kulia na za kushoto, na mawasiliano hayo hupita kwenye nyuzi zile ndefu. Nyuzi chache zikipungua, au ala yake ikichubuka, ujumbe hufika ukiwa umechelewa, na mtu huchoka saa nne asubuhi kama aliyelima ekari. Jioni honi za malori zilimfanya afunge madirisha na kumfokea mtoto wake wa miaka sita kwa kuangusha kijiko. Mumewe alivumilia. Siku moja aliziba mwanya wa dirisha kwa gunia la viazi ili mwanga wa taa za barabarani usiingie, bila kusema chochote, na kitendo hicho kilimtibu mwandishi kuliko vidonge.

Watu wengi hupona ndani ya wiki mbili hadi miezi mitatu. Lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba baada ya miezi 12, asilimia 53 ya waliopata jeraha dogo na kufikishwa kwenye hospitali kubwa za majeruhi walikuwa bado na upungufu fulani katika maisha ya kila siku, wakilinganishwa na asilimia 38 ya walioumia viungo vingine tu. Kwa baadhi, umbile lenyewe hubadilika kwa muda huo: watafiti wa New York walionyesha mwaka 2013 kwamba mwaka mmoja baada ya jeraha dogo moja, ubongo wa wagonjwa ulikuwa umepungua ujazo kwa kiasi kidogo kinachopimika, na maeneo mengine ya sehemu nyeupe na ya kijivu yaliguswa zaidi ya mengine.

Pigo la pili ni habari nyingine, na hapa mwandishi ana deni lake mwenyewe. Mwaka 2013 alisimamia wanafunzi kwenye mechi ya kirafiki Njombe. Wavulana wawili waligongana vichwa wakiwania mpira wa kona. Wa kwake alikaa chini, akapepesa macho, akasimama, na uwanja mzima ukampigia makofi. Mwandishi, aliyeijua hali hiyo kwa mwili wake, alimruhusu aendelee kwa sababu zilibaki dakika kumi. Siku nne baadaye, mazoezini, kijana alipigwa tena, kidogo tu, na akatapika usiku kucha. Alipona, lakini muhula mzima ulipotea, na mwalimu mmoja aliandika kwenye ripoti yake neno "mzembe". Ubongo ulio katika upungufu wa nishati hauna akiba ya kulipia mtikisiko mwingine; pigo ambalo wiki moja kabla lingekuwa la kawaida hukuta pampu zimechoka na nyuzi zimevimba. Mara chache sana, hasa kwa vijana, pigo la pili huleta uvimbe wa ghafla wa ubongo unaoua kwa muda mfupi. Kwa hiyo mchezaji aliyegongwa akaonyesha dalili yoyote hutolewa nje siku hiyo na harudi siku hiyo, hata fainali iwe imebaki dakika moja.

Kwa wazee hatari hubadilika sura. Msimu wa pombe ya ulanzi wa mwaka 2016, mzee jirani wa mwandishi aliteleza akitoka kilabuni na kugonga kisogo kwenye kizingiti. Alicheka, akasindikizwa nyumbani. Wiki ya tatu alianza kuburuza mguu na kusahau majina, na familia ikasema ulanzi umemzidi. Mwandishi alipokwenda kumjulia hali, akamwamkia "Kamwene, baba", mzee aliitikia vizuri lakini kikombe kilimponyoka mkono wa kushoto mara mbili. Ubongo wa mzee, na wa mnywaji wa miaka mingi, huwa umesinyaa. Mishipa inayovuka kutoka ubongoni hadi kwenye utando mgumu huwa imetanda kama kamba ya kuanikia nguo, na kishindo kidogo huipasua. Damu huvia polepole chini ya utando kwa wiki kadhaa hadi inapoanza kuukandamiza ubongo. Alipelekwa hospitali ya rufaa ya kanda, Mbeya, damu ikatolewa kupitia tundu dogo kwenye fuvu, na baada ya miezi miwili alikuwa akipalilia viazi vyake.

Mwisho kuna madhara ya mapigo mengi ya miaka mingi. Mwaka 1928 Harrison Martland wa Marekani aliandika kuhusu mabondia waliotetemeka, kuyumba na kupotewa akili. Mwaka 2005 daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alichapisha alichokikuta kwenye ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa mpira wa Kimarekani: protini ya tau, ambayo kwa kawaida huimarisha mikrotubuli, ilikuwa imebanduka na kujisokota kuwa vifundo. Katika ugonjwa huo wa mapigo mengi vifundo hukusanyika hasa kuzunguka mishipa midogo kwenye vina vya mikunjo ya ubongo, mahali ambapo mvuto huwa mkali. Aliyeumia mara moja hapaswi kuogopeshwa kwa habari hiyo. Dereva wa bodaboda anayeanguka mara kwa mara anapaswa kuijua, pamoja na hesabu nyingine: uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kofia ngumu hupunguza majeraha ya kichwa kwa waendesha pikipiki kwa takriban asilimia 69 na vifo kwa asilimia 42.

Kupona nako ni badiliko la umbile. Uvimbe wa nyuzi hushuka, mikrotubuli hujengwa upya, seli saidizi huvika mielini mpya kwenye sehemu zilizochubuka, na pale ambapo uzi umepotea, ubongo hupitisha ujumbe kwenye njia nyingine ndefu zaidi. Kazi hiyo inahitaji usingizi na muda. Zamani wagonjwa walifungiwa gizani kwa wiki nyingi. Siku hizi ushauri ni kupumzika siku moja au mbili, kisha kurudi kwenye shughuli hatua kwa hatua, kutembea kwanza, na kupunguza mwendo dalili zinapozidi.

Mtoto wa mdogo wa mwandishi, yule aliyeangushwa na lori, alisimamishwa kuendesha pikipiki kwa wiki tano. Mwandishi alikwenda mwenyewe kuzungumza na mwenye chombo, akiwa na ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule. Alikuwa ameandika tarehe na saa ya kuanguka, dakika ambazo kijana hakumbuki, alama aliyopewa siku ile, na chini yake, kwa kila siku, saa alizolala, maumivu ya kichwa kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi, na chenji alizokosea alipopewa noti ya mazoezi mezani. Siku ya tisa makosa yalikuwa saba. Siku ya thelathini na moja lilikuwa moja.